Kiota Kimoja Juu ya Moshi

Bukavu, Ibanda,
Jumapili, tarehe 3 Novemba 1957

Mpendwa mdogo wangu Venant,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako Nsimire na kwa watoto. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kindu, ile homa uliyoitaja imekwisha, na joto la huko umeanza kulizoea. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha karibu kila siku tangu mwezi wa tisa na nguo hazikauki. Anaclet ana kikohozi kisichotaka kupona wala kuzidi. Rosalie ameota meno mawili na anamwonyesha kila mtu anayepita, hata mpagazi wa kuni.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Polycarpe, dereva wa lori, nikaisoma mara mbili. Umeniandikia kurasa mbili nzima kuniuliza jinsi ya kuweka makaroni mabichi yasiharibike, na mwishoni, pembeni mwa karatasi, pale nafasi ilipobaki, ukaandika, "Mama hajambo?" Sikulaumu. Najua mtu mwenye bwana mpya anavyoishi. Lakini nimekaa na barua hiyo siku nyingi, maana maswali yako mawili, lile kubwa na lile dogo, yamekuja kupata jibu moja.

Makaroni nitakueleza. Kuhusu Mama, mwili wake una nguvu, lakini macho yake yanakwenda, na bado kidogo hataona. Nimeliandika hapa mwanzo ili usilazimike kulitafuta katika mistari ya mwisho.

Sasa tuanze na kazi. Nimecheka kidogo kusikia kwamba umekuwa mpishi, wewe uliyekuwa ukiunguza hata bugali, na kwamba bwana wako ameoa mke anayetaka makaroni ya mkono kila Jumapili. Mimi niko na Madame Rinaldi mwaka wa nane sasa. Unamkumbuka, ndiye aliyekutoa jikoni siku ile ulipoonja mchuzi kwa kidole. Vidole vyake yeye vimeanza kuvimba viungo, hawezi tena kukanda, kwa hiyo tangu mwaka juzi makaroni yote ya nyumba hii natengeneza mimi. Yeye anakaa kwenye kiti na kunikosoa.

Makaroni mabichi yana mayai ndani, kwa hiyo hayavumilii. Ukishakata mikanda yako, usiitupe yote pamoja kwenye bakuli. Itashikana na utapata donge moja, na Madame wako atadhani umempikia bugali wa ngano. Itandaze juu ya mpini wa ufagio uliooshwa vizuri, uliolazwa kati ya viti viwili, kama robo saa hivi, mpaka ukiigusa haishiki vidole lakini bado inajikunja. Ndipo unazungusha mikanda michache kwenye vidole, unafanya kiota, unakilaza kwenye sinia uliyoinyunyizia unga wa ngano wa chengachenga. Unga laini unanyonya maji na kuwa gundi. Funika kwa kitambaa kikavu. Wako wapishi wanaoweka kitambaa chenye maji wakidhani wanasaidia, nao ndio wanaobadilisha mabwana kila mwaka.

Hivyo yatakaa tangu asubuhi mpaka jioni, na mahali penye hewa nzuri mpaka kesho yake mchana. Zaidi ya hapo yaingize kwenye frigo, ndani ya bati lenye mfuniko, unga wa chenga kati ya kila tabaka. Frigo inakupa siku mbili. Siku ya tatu yanapata rangi ya majivu, na hata kama ladha ipo hakuna Mzungu atakayekubali sahani yenye rangi hiyo.

Kama frigo yenu ina kile kichumba cha barafu juu, viota viweke humo kwanza kimoja kimoja kwenye sahani, visigusane, mpaka viwe vigumu. Baadaye unaweza kuvikusanya ndani ya bati moja na vitakaa mwezi. Siku ya kupika usiviyeyushe. Vitoe na uvitie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka. Mimi mwaka wa kwanza niliviacha mezani vipate joto, vikawa uji, na Madame aliniambia maneno kwa lugha yake ambayo mpaka leo sijaomba yafasiriwe.

Njia ya mwisho ni kuyakausha kabisa. Hapa kwetu inawezekana wakati wa kiangazi tu, upepo wa ziwa unapokuwa mkavu. Wakati wa mvua yanaonekana makavu kwa nje huku ndani bado mabichi, na ukungu unaanzia huko ndani bila wewe kujua. Kwa ule unyevu unaousema, huko Kindu usijaribu. Hilo la kukausha ndilo lililotuletea mambo hapa nyumbani.

Mama alikuja kukaa nasi mwezi wa saba. Madame ametupa vyumba viwili nyuma ya nyumba, na jiko la nje, na alikubali Mama akae bila kuuliza mengi. Sababu ya kuja ni kwamba alianguka kwenye njia ya mtoni kule kijijini kwetu Nyantende. Mwenyewe alisema ni utelezi. Mwezi wa saba, Venant, njia ile ina vumbi mpaka magotini. Nilimsikiliza akisema utelezi, nikaitikia kwa kichwa, nikambebea mzigo wake.

Alikuja na mkeka, chungu kimoja, na mahindi sita yaliyofungwa kwa maganda yake. Unayajua mahindi hayo, au labda hujui, maana yalianza baada ya wewe kuondoka. Kila mavuno Mama anachagua hindi moja lililojaa vizuri, analitundika juu ya moshi lisipate wadudu, na anasema ni la Venant, mbegu ya shamba lake siku atakaporudi kujenga. Yako sita, moja kwa kila mwaka. Siku ile ile ya kufika alimwomba Nsimire vijiti, akafunga kichanja juu ya mafiga yetu, akayatundika hapo. Kuanzia siku hiyo jiko letu linanuka Nyantende, na mimi, nisiseme uongo, nilifurahi.

Nilimwambia pia sheria moja ya hapa. Kitu chochote kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe ni cha Madame, hakiguswi. Vya kwetu tunafunika kwa kitambaa cha buluu. Hata Anaclet wa miaka minne anaijua sheria hiyo, na Mama aliishika kuliko sisi sote. Siku za kwanza alikuwa akiona kitambaa cheupe anazunguka mbali nacho, kana kwamba kinauma.

Basi, Jumapili ya tarehe 13 ya mwezi uliopita, kaka yake Madame, ambaye ni padri, alikuwa apite Bukavu akielekea misheni yake mpya. Hawakuwa wameonana miaka kumi na mmoja. Madame alianza kuhangaika tangu Jumatano, na kwa kuwa Monsieur, mume wake, yuko Lwiro siku nne kwa juma akisimamia ujenzi wa nyumba, mahangaiko yote yalinishukia mimi. Alitaka makaroni kama ya mama yao marehemu, membamba, ya mayai mengi. Nilitumia mayai kumi na mawili na unga wote uliobaki wa ile aina yake. Muuza duka alikuwa amesema mwingine utakuja na lori la juma linalofuata.

Niliyamaliza Jumamosi alasiri, viota arobaini, na sikuona aibu kuvitazama. Frigo ilikuwa imejaa samaki na keki ya mgeni. Niliweka sinia katika chumba cha kupigia pasi, kilichoko kati ya nyumba kubwa na jiko letu, kwa sababu ndicho chumba kikavu kuliko vyote. Juu nikafunika kitambaa cheupe. Jumapili alfajiri tulikwenda misa ya kwanza, mimi, Nsimire na watoto. Mama alibaki kwa sababu ya mguu wake. Baada ya misa nikapita sokoni kutafuta majani ya mboga.

Mvua kubwa ilianza tukiwa bado kanisani. Niliporudi ilikuwa saa tatu. Kwenye chumba cha pasi maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati la dari, tone baada ya tone, pale pale mezani, na sinia haikuwepo. Nilikuta sinia tupu nje ya jiko letu, imeoshwa. Viota vilikuwa kwenye kichanja cha Mama, vimepangwa safi juu ya moshi wa kuni za mikaratusi zilizolowa, na vilikuwa na rangi ya tumbaku.

Mama alikuwa ameketi kando ya moto, ameridhika. Aliniambia hivi:

"Nilisikia maji inagonga ku sinia. Nikaenda. Nikagusa bile bintu yako, nikaona iko maji-maji. Nikasema itaoza, na muzungu atakukasirikia. Nikaipeleka ku moshi. Sasa haiwezi kuoza."

Sikumgombeza. Nilichukua kiota kimoja nikakinusa. Kilinuka jiko la mama yeyote wa kwetu Bushi. Nikakivunja kidogo. Nakuambia kama fundi, kilikuwa kimekauka vizuri kuliko nilivyowahi kukausha mimi katika miaka minane. Lakini mgeni alikuwa anakaa mezani saa saba mchana, unga haukuwepo, duka limefungwa, na kazi yangu niliiona imesimama mlangoni na mzigo wake kichwani.

Hapa kuna funzo la kazi, uliweke mahali. Harufu ya moshi huwezi kuiondoa, lakini unaweza kuitafutia mmiliki mwingine. Katika frigo kulikuwa na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ambacho Monsieur alikuwa anakitunza. Nilikikata vipande vidogo vidogo, nikavikaanga mpaka mafuta yakatoka, nikatia malai na jibini nyingi, nikachanganya na makaroni yaliyochemshwa. Moshi ukiwa ndani ya nyama hakuna anayeuuliza umetoka wapi. Padri alikula sahani mbili na akaisifu sana nyama ya nguruwe ya Kivu. Madame alikula polepole. Alitazama uma wake, kisha akanitazama mimi.

Baada ya kahawa alikuja jikoni peke yake. Kiswahili cha Madame ni kile cha Wazungu, cha kuamuru, ila siku hiyo alikisema taratibu.

"Stanislas, nani naweka makaroni ku moshi?"

Nilimjibu kwamba ni mama yangu, na kwamba kosa ni langu mimi niliyeyaacha chini ya bati bovu. Nilisimama nikingoja neno la kufukuzwa. Badala yake akauliza, "Kitambaa yangu iko wapi?"

Sikuwa nimekifikiria kitambaa. Tulikwenda pamoja kwenye jiko letu, na tukakikuta. Mama alikuwa amekikunja mara nne, vizuri kabisa, akakipanga katikati ya vile vya buluu. Madame alikitazama pale kilipokaa, cheupe kati ya buluu, kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inafaa. Kisha akakichukua, akatoka nacho hadi pale Mama alipokuwa amekaa kizingitini akichambua maharage, akakifungua chote mbele ya uso wake na kukipunga, mara moja, mara mbili.

Mama aliendelea kuchambua. Alisema, kama mtu anayesema peke yake, kwamba mvua itarudi.

Madame aliniangalia. "Mama yako hapana ona. Wewe hapana jua?"

Venant, niliona haya siku hiyo kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na bado naona haya nikiandika. Miezi mitatu nimekula naye, nimesali naye, nimemsomea barua zako. Niliona makaroni yangu yameharibika, sikuona kwamba mama yangu amepita kando ya kitambaa cheupe na hakujua ni cheupe. Mwanamke mgeni aliliona jambo hilo kwa dakika moja, kwa sababu alijiuliza swali ambalo mimi sikujiuliza.

Nsimire alikuwa anajua. Nilimuuliza jioni hiyo, akakubali. Tangu mwezi wa nane alikuwa akikuta vijiwe ndani ya maharage yaliyochambuliwa na Mama, na kila mara alingoja Mama aondoke ndipo ayachambue upya kabla ya kupika. Hakuniambia. Unajua kwetu mke hawezi kusema makosa ya mama mkwe, hata kwa mume wake. Sikumlaumu, nami sina uso wa kumlaumu mtu.

Jumanne Madame aliandika kikaratasi, nikampeleka Mama hospitali. Daktari alimwangalia kwa taa muda mrefu. Alisema ndani ya macho kuna mgandamizo, si ule utando mweupe ambao wanaweza kuutoa kwa kisu. Jicho la kulia limekwisha kufunga. La kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu, na tundu lenyewe linapungua. Alitupa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Itachelewesha, haitarudisha. Nilimuuliza mpaka lini. Alisema huenda mwaka mpya utamkuta bado anaona kidogo, na zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Mama aliyasikia yote hayo kwa utulivu kuliko mimi. Alimuuliza daktari kama anaweza kuendelea kuvuta tumbaku yake, na alipoambiwa ndiyo aliona safari haikuwa bure. Tukirudi, kwenye kile kilima cha kuteremka Ibanda, alinishika mkono, si kwa mapenzi bali kwa sababu ya mawe, akasema:

"Usimuandikie Venant. Atakuya juu ya huruma. Mimi minataka akuye juu ya kukuya tu."

Nilimjibu ndiyo, Mama.

Na sasa naandika. Nataka ujue kwa nini. Mwaka 1953, Baba alipolala kwa ugonjwa wake wa mwisho, yeye pia aliniambia nisikusumbue, kwamba umepata kazi nzuri na safari ni ndefu. Nilikuwa mtoto mwenye utii. Niliandika baada ya mazishi, na barua ikachukua wiki tatu, ikakukuta kaburi limeanza kuota majani. Hukuwahi kunilaumu kwa maneno. Lakini tangu hapo kila kiangazi unaandika kwamba utakuja kiangazi kijacho, na mimi nimeacha kuamini, wala sijakuambia kwamba nimeacha. Nadhani unaogopa kuingia kwenye uwanja ule wa Nyantende bila kumkuta Baba pale alipokuwa akikaa. Mimi naingia humo kila mwezi kutazama shamba, na kila mara naingia kwa upande wa migomba ili nisipite mahali pale. Kwa hiyo sikucheki.

Safari hii sitii. Akinikasirikia, atanikasirikia mimi niliye karibu.

Jambo moja bado, na ni la makaroni. Nilikuambia viota vilikuwa arobaini. Nilivyopika vilikuwa thelathini na tisa. Siku hiyo nilidhani nimekosea kuhesabu, kichwa changu kilikuwa kimejaa. Kesho yake, nikitafuta kiberiti, nilikiona cha arobaini. Kilikuwa kimefungwa ndani ya ganda la hindi, kimetundikwa kwenye kamba yako, cha saba baada ya mahindi sita. Nilimuuliza Mama. Alishangaa kwamba nauliza. Alisema nilimsomea barua yako yote, kurasa mbili, na akasikia jinsi unavyotaka kujua habari ya chakula hiki. Akaona si vizuri kiliwe chote bila wewe kuachiwa fungu lako.

Kwa hiyo ukiniuliza makaroni mabichi yanakaa muda gani, nimekwisha kukujibu: chini ya kitambaa siku moja, kwenye frigo siku mbili, kwenye barafu mwezi. Juu ya moshi wa Mama sijui, hakuna aliyewahi kujaribu. Leo ni wiki tatu kamili. Nakitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hakina ukungu, hakina mdudu, kimekuwa cheusi kidogo tu. Mama hukigusa pia, akimaliza kuweka matone, kuhakikisha kwamba kipo.

Polycarpe anaondoka Jumanne, atakupa barua hii mkononi. Anakaa huko kupakia, halafu anarudi Bukavu kabla ya Noeli, na amesema kiti cha mbele kitakuwa wazi. Mwombe bwana wako ruhusa. Mwambie ukweli. Kama anakataa, mwambie ndugu yako mkubwa atamfundisha Madame wake kutengeneza viota mwenyewe kwa barua.

Dada yetu Bulonza wa Nyantende anakusalimu sana. Amejifungua mtoto wa kiume na amempa jina lako, kwa hiyo tayari kuna Venant mmoja ambaye yuko nyumbani. Mzee Alphonse, jirani wa Baba, anakusalimu na kuuliza kama huko Kindu bado kuna watu wanaocheza ngoma za kwetu. Nsimire anasema uje na mke, au usije na mke, lakini uje. Madame pia aliposikia nakuandikia alisema nikupe salamu, na kwamba amesamehe kile kidole.

Nilikuwa nakunja karatasi, nikafungua tena. Mama ameingia sasa hivi, akipapasa ukuta. Ameniuliza naandika nini tangu adhuhuri. Nimemwambia namjibu Venant habari ya makaroni. Akanyoosha mkono juu ya meza, akazigusa karatasi, akazihesabu kwa vidole, zote nne.

"Makaroni inaomba karatasi ine?"

Alikaa kwenye kigoda cha Anaclet. Nilijua amejua, naye alijua kwamba najua. Nilingoja anigombeze. Halafu akaniambia nishike kalamu, na haya ninayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza neno:

"Venant, mulango ya jiko bado minaiona asubuhi, sababu jua inaingia pale. Mutu akisimama, minaona kivuli yake na kichwa yake. Mangaribi siwezi. Kuya asubuhi."

Mungu akulinde njiani.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ninayekungoja pamoja naye,

Stanislas